NFS ikigoma: tafuta chanzo kwa dalili, na ongeza kasi bila kuhatarisha data

NFS (Network File System) ilianzia Sun Microsystems mwaka 1984, na mpaka leo ndiyo njia ya kawaida ya mashine za Unix kushirikiana faili. Seva inatoa folda, mashine nyingine zinaipachika kwa amri ya `mount`, na mtumiaji anafungua faili kana kwamba iko kwenye diski yake mwenyewe. Ikifanya kazi, hakuna anayeikumbuka. Ikigoma, ofisi nzima inasimama, na hapo ndipo watu hubandika kwenye mipangilio mistari waliyookota mtandaoni ili mradi kelele ziishe. Mingi ya mistari hiyo inanyamazisha dalili na kuacha data ya watu hatarini. Kwa hiyo katika kila tatizo hapa chini nimetaja pia tiba ambayo usiitumie.

Mifano ni ya Linux. Seva ni 192.168.10.5, folda inayotolewa ni `/srv/data`, wateja wako kwenye mtandao wa 192.168.10.0/24, nao wanaipachika kwenye `/mnt/data`.

Kabla ya kugusa chochote

Uliza kwanza: ni mashine moja au zote? Ikiwa moja tu inalalamika, anza na hiyo mashine, kebo yake na mipangilio yake. Zikilalamika zote kwa pamoja, nenda kwenye seva au swichi. Swali hili peke yake linaokoa muda mwingi kuliko amri yoyote.

Kisha soma mashine zenyewe zinasema nini. Kwa mteja:

```
dmesg -T | tail -50
nfsstat -m
```

Kwa seva:

```
journalctl -u nfs-server --since today
exportfs -v
```

`nfsstat -m` ni muhimu kwa sababu inaonyesha toleo la NFS na machaguo yanayotumika kweli. Ulichoandika kwenye `/etc/fstab`, faili ya mteja inayoorodhesha folda za kupachika, ni ombi tu. Mteja na seva hupatana wenyewe, na wanachokubaliana kinaweza kuwa tofauti na ulichodhani.

## Dalili: folda haipachikiki kabisa

Ujumbe wa kosa hapa unasema mengi, basi usome neno kwa neno.

`bad option; for several filesystems (e.g. nfs, cifs) you might need a /sbin/mount.<type> helper program`. Hili hutokea sana kwenye mashine mpya, na maana yake ni kwamba programu ya mteja haijasakinishwa. Kwa Debian na Ubuntu sakinisha `nfs-common`. Kwa Fedora, RHEL na ndugu zake ni `nfs-utils`. Tatizo limekwisha.

`access denied by server while mounting`. Seva inafikika lakini inakukatalia. Chanzo cha kawaida ni kwamba umehariri `/etc/exports`, faili ya seva inayoorodhesha folda zinazotolewa na wanaoruhusiwa, na hukuipa seva taarifa. Toa amri ya `exportfs -ra`, kisha hakikisha kwa `exportfs -v`. Kama bado, angalia anwani ya mteja kwa `ip addr`: huenda DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao, imempa anwani nyingine iliyo nje ya ile uliyoruhusu. Ukiwa umetumia majina badala ya namba, DNS ikitoa jibu tofauti na jina lililoandikwa, mteja hukataliwa vilevile.

Kosa moja la `/etc/exports` linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa seva huukubali mstari huo, na onyo la `exportfs` ni rahisi kulipuuza. Linganisha mistari hii miwili:

```
/srv/data 192.168.10.0/24(rw,sync,no_subtree_check)
/srv/data 192.168.10.0/24 (rw,sync,no_subtree_check)
```

Wa pili una nafasi kabla ya mabano. Seva inausoma hivi: mtandao wa 192.168.10.0/24 upewe ruhusa za kawaida, yaani kusoma tu. Na dunia nzima ipewe kusoma na kuandika. Wafanyakazi wako wataona `Read-only file system`, huku mgeni yeyote anayeweza kuifikia seva akiwa na uhuru wa kuandika. Ukikuta nafasi hiyo, ifute sasa hivi, endesha `exportfs -ra`, ndipo uendelee na mengine.

`Connection timed out` au `No route to host`. Mara nyingi ni fayawoli. Jaribu kwa mteja:

```
nc -zv 192.168.10.5 2049
```

NFS toleo la 4 inahitaji poti moja tu, 2049 ya TCP. Toleo la 3 linahitaji pia 111 ya rpcbind na poti za mountd, na kwa kufunga faili zile za lockd na statd. Poti hizi za pembeni, isipokuwa 111, zinaweza kubadilika kila huduma inapowashwa upya kama hukuzipangia namba. Hii ni sababu tosha ya kutumia toleo la 4 popote unapoweza. Kwa firewalld:

```
firewall-cmd --permanent --add-service=nfs
firewall-cmd --reload
```

Kwa ufw:

```
ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 2049 proto tcp
```

`Connection refused`. Seva iko hewani ila huduma ya NFS haijaamka. `systemctl status nfs-server` itakueleza.

`No such file or directory` wakati folda unaiona kwa macho kwenye seva. Angalia kama `/etc/exports` ina `fsid=0`. Folda yenye alama hiyo huwa mzizi wa toleo la 4, na njia zote huhesabiwa kuanzia hapo. Kama `/srv` ndiyo yenye `fsid=0`, mteja anapaswa kuandika `192.168.10.5:/data`, si `192.168.10.5:/srv/data`.

Mteja wa macOS akiambiwa `Operation not permitted`, mwongezee chaguo la `resvport`. Mac huomba kutokea poti ya juu ya 1023, na seva ya Linux kwa kawaida hukataa maombi ya namna hiyo. Kuweka `insecure` upande wa seva kunafanya kazi pia, ila kunalegeza mlango kwa wateja wote, kwa hiyo afadhali kurekebisha kwa mteja.

Na usiogope `showmount -e` ikishindwa huku kupachika kunafaulu. Amri hiyo inazungumza na mountd ya toleo la 3; seva inayotoa toleo la 4 pekee haina haja ya kuijibu.

## Dalili: "Permission denied", au kila faili inamilikiwa na nobody

Kwa usalama wa kawaida wa NFS, `sec=sys`, mteja hapeleki jina la mtumiaji kwa seva. Anapeleka namba. Asha akiwa 1001 kwenye seva na 1003 kwenye kompyuta yake, seva inamwona mtu mwingine kabisa. Ubaya zaidi: kama kwenye kompyuta hiyo 1001 ni Juma, basi Juma ndiye anayefungua faili za Asha. Anza hapa kila mara:

```
id asha
```

Endesha kwenye seva na kwa mteja, ulinganishe namba. Zikitofautiana, mwambie mtumiaji afunge kazi zake na atoke (log out), badilisha namba kwa mteja kwa `usermod -u`, kisha tafuta faili zake zilizobaki na namba ya zamani nje ya folda yake ya nyumbani:

```
find / -xdev -user 1003 -exec chown -h 1001 {} +
```

Hakikisha kwanza kwamba 1001 haina mwenyewe kwa mteja. Ofisi ikishakuwa na mashine nyingi, kulinganisha namba kwa mkono ni kazi isiyoisha. Weka orodha moja ya watumiaji ambayo mashine zote zinaisoma, kwa LDAP au FreeIPA.

Chanzo cha pili: unajaribu kama root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Seva kwa kawaida humgeuza root wa mteja kuwa nobody, namba 65534. Huo ni ulinzi uliokusudiwa. Jaribu kama mtumiaji wa kawaida kabla ya kuhukumu.

Chanzo cha tatu ni ruhusa za folda yenyewe kwenye diski ya seva. `rw` ndani ya `/etc/exports` haimpi mtu ruhusa ambayo mfumo wa faili umemnyima. Angalia kwa `ls -ldn /srv/data`, na folda zote zilizo juu yake.

Kama umiliki unaonekana `nobody` kwa kila faili na unatumia toleo la 4, linganisha mstari wa `Domain` ndani ya `/etc/idmapd.conf` pande zote mbili. Baada ya kusawazisha, futa kache kwa `nfsidmap -c` kwa mteja.

Kuna kisa kinachowasumbua hata wazoefu: mtumiaji yumo kwenye kundi husika, namba zinalingana, na bado anakataliwa. Hesabu makundi yake kwa `id`. Ombi la `sec=sys` hubeba makundi 16 tu; la 17 na kuendelea huachwa njiani. Iambie seva itafute makundi yenyewe, ndani ya `/etc/nfs.conf`:

```
[mountd]
manage-gids=y
```

Ili hili lifanye kazi seva yenyewe lazima iwajue watumiaji na makundi yao.

Mwisho, kwenye mashine zenye SELinux (ulinzi wa ziada wa Linux juu ya ruhusa za kawaida), seva ya wavuti inaweza kuzuiwa kusoma folda ya NFS hata kama ruhusa zote ziko sawa. `setsebool -P httpd_use_nfs on` hufungua njia. Kwa folda za nyumbani ni `use_nfs_home_dirs`.

Tiba za kuepuka hapa ni mbili, na zote zinapendwa: `chmod -R 777` na `no_root_squash`. Ya kwanza inafuta mipaka yote kati ya watumiaji, na kuirudisha baadaye ni kazi ya kubahatisha faili kwa faili. Ya pili inampa root wa kompyuta yoyote iliyoruhusiwa mamlaka ya root juu ya folda ya seva, pamoja na kuweka humo programu yenye alama ya setuid, ambayo huendeshwa kwa mamlaka ya mmiliki wa faili. Tena kumbuka kwamba hata bila hiyo, mwenye root kwenye laptopu yake anaweza kujivika namba ya mtumiaji yeyote wa kawaida. Kama mtandao wako unaingiwa na mashine usizozisimamia, `sec=sys` haitoshi, nawe unahitaji Kerberos, mfumo unaothibitisha kila mtumiaji ni nani.

Simama hapa kama `Read-only file system` imetokea ghafla kwenye folda iliyokuwa ikiandikika jana na hakuna aliyegusa `/etc/exports`. Nenda kwenye seva, endesha `dmesg -T | grep -i error`. Mfumo wa ext4 unaweza kujifunga usiandike unapokuta hitilafu kwenye diski. Usilazimishe `mount -o remount,rw`. Usiendeshe `fsck` kwenye diski iliyopachikwa. Nakili data iliyopo kwenda diski nyingine, na kama nakala ya akiba hakuna, mwite mtaalamu wa kuokoa data kabla ya kuiwasha tena na tena.

## Dalili: kila kitu kimeganda

Mtumiaji anabofya folda, dirisha linaganda. `ls` hairudi, `df` hairudi, hata `kill` ya kawaida haisaidii, na `dmesg` inaandika:

```
nfs: server 192.168.10.5 not responding, still trying
```

Hili ndilo lalamiko linalochochea maamuzi mabaya kuliko yote, basi tulielewe vizuri. Kupachika kwa kawaida ni `hard`: mteja akikosa jibu, anaendelea kuuliza bila kikomo. Kwa TCP anasubiri sekunde 60 kabla ya kurudia, kwa kuwa `timeo` ni 600 na inahesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde. Programu iliyokuwa ikiandika inashikiliwa palepale, na seva ikirudi inaendelea ilipoachia, mara nyingi bila kujua kilichotokea. Kuganda huko kunailinda kazi ya mtu isikatike katikati.

Wengi wakichoka kusubiri huweka `soft`. Kwa `soft` mteja hukata tamaa baada ya majaribio machache na kuirudishia programu kosa. Programu nyingi hazishughulikii kosa hilo vizuri: zinaacha faili nusu, au zinaendelea kana kwamba data imeandikwa. Hata maelezo ya NFS yenyewe kwenye Linux yanaonya kwamba `soft` inaweza kuharibu data kimyakimya. Itumie kwa folda za kusoma tu, kama za vifurushi vya usakinishaji. Kwa folda yenye hesabu za ofisi au picha za hospitali, acha `hard`.

Sasa tafuta chanzo, kuanzia kile rahisi.

Seva imezimika au swichi haina umeme. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, kosa la kawaida ni kuiweka seva kwenye UPS na kuisahau swichi. Seva iko hai, wateja wanazungumza na ukuta. Weka vyote viwili.

Seva ndiyo kwanza imewashwa. Baada ya kuamka, seva ya toleo la 4 inatoa muda wa kusubiri, kwa kawaida sekunde 90, ili wateja wa zamani wadai tena faili walizokuwa wamezishika. Ndani ya muda huo kufungua faili kunaweza kuganda, kisha kunaachia kwenyewe. Ukiwasha upya huduma kwa kukosa subira, saa inaanza kuhesabu upya.

Anwani imegongana. Mtu ameleta ruta au printa iliyopewa 192.168.10.5, na seva inapatikana dakika moja, dakika nyingine haipo. Kwa mteja endesha `ip neigh show 192.168.10.5`, na ulinganishe anwani ya MAC na ile ya seva. Zikitofautiana, umempata mgeni.

Diski ya seva imezidiwa. `iostat -x 1` kwenye seva ikionyesha `%util` karibu na 100 huku kusubiri kukipanda, shida si NFS. Angalia kama kuna nakala ya akiba inayoendeshwa mchana, au RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) inayojijenga upya.

Ukubwa wa pakiti haulingani. Dalili yake ni ya kipekee: kupachika kunafaulu, folda ndogo inaonekana, lakini folda kubwa au faili nzito inaganda papo hapo. Hutokea pale mtu anapoweka MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ya 9000 kwenye seva na swichi haiikubali. Jaribu:

```
ping -M do -s 8972 192.168.10.5
ping -M do -s 1472 192.168.10.5
```

Ya pili ikipita na ya kwanza ikashindwa, njia yenu ni ya 1500. Rudisha kila kitu 1500. Isipokuwa unasimamia kila kifaa kilichopo njiani, faida ya 9000 haifai usumbufu wake.

Kama seva haitarudi na unataka kuiachilia mashine ya mteja: `kill -9` kwa programu iliyoganda hufanya kazi kwenye kerneli zote za leo (chaguo la zamani la `intr` halina athari tena), kisha `umount -f /mnt/data`, na mwisho kabisa `umount -l`. Elewa unachokifanya: chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya mteja na hakijafika kwa seva kimepotea. Mwambie mtumiaji kabla, si baada.

Na mashine inayoganda wakati wa kuwaka kwa sababu seva haijaamka, itibu kwenye `/etc/fstab`:

```
192.168.10.5:/srv/data /mnt/data nfs4 rw,hard,_netdev,nofail,x-systemd.automount 0 0
```

Kwa `x-systemd.automount` folda inapachikwa pale tu mtu anapoigusa. Umeme ukirudi na kompyuta za mezani zikawahi kuamka kabla ya seva, hakuna kinachokwama.

## Dalili: "Stale file handle"

Mteja ameshika alama ya faili au folda ambayo seva haiitambui tena. Mara nyingi mtu ameifuta folda kwenye seva na kuiunda upya kwa jina lile lile. Toka kwa `cd /`, rudi tena. Ikishindikana, ipachue na uipachike upya.

Likijirudia kila seva inapowashwa, shuku diski. Huduma ya NFS imeanza kabla `/srv/data` haijapachikwa kwenye seva yenyewe, hivyo seva inatoa folda tupu iliyo chini yake. Hatari iko wazi: wateja wataandika kazi zao kwenye diski ya mfumo, na diski halisi ikipachikwa juu yake, faili hizo zinatoweka machoni pa watu. Ongeza chaguo la `mountpoint` kwenye mstari wa `/etc/exports`, ili folda isitolewe mpaka diski iwe mahali pake. Ukihamisha data kwenda diski au kifaa kipya, weka `fsid=` yenye namba isiyobadilika, utambulisho usitegemee kifaa.

## Dalili: inafanya kazi, lakini polepole

Usibadilishe chaguo lolote kabla ya kupima. Pima tabaka moja moja: mtandao peke yake, diski peke yake, kisha NFS.

```
iperf3 -c 192.168.10.5
```

Hii inahitaji `iperf3 -s` iwe inaendeshwa kwenye seva. Kisha, kwenye seva na baadaye kwa mteja:

```
dd if=/dev/zero of=/mnt/data/jaribio bs=1M count=2000 conv=fdatasync
```

(Kwenye seva andika `/srv/data`. Kama diski ni ZFS yenye kubana data, sifuri zitakudanganya. Tumia faili halisi.)

Mtandao wa gigabiti 1 hautakupa zaidi ya takriban MB 110 hadi 118 kwa sekunde. Ukizipata, umefika kikomo, na hakuna mstari wa `fstab` utakaokuongezea. Ukiona kama MB 11 kwa sekunde, umejua chanzo bila kwenda mbali: mahali fulani kiungo kimeshuka hadi megabiti 100. Hakikisha kwa `ethtool eth0 | grep Speed`, ukiweka jina la kadi yako. Waya mmoja ulioachia kwenye kichwa cha kebo unatosha kuleta hilo. Badilisha kebo kabla ya kitu kingine.

Faili kubwa zikienda vizuri na faili ndogo nyingi zikikokota, chanzo ni safari za kwenda na kurudi. Kila faili ndogo inahitaji kufunguliwa, kuandikwa, na seva kuthibitisha kwamba imefika diskini kabla ya kujibu. Hapo ndipo watu huweka `async` kwenye `/etc/exports`, na kweli kasi inaruka. Lakini kwa `async` seva inajibu "nimeandika" kabla haijaandika. Umeme ukikatika sekunde hiyo, mteja anaamini data iko salama, naye hataituma tena. `sync` ndiyo hali ya kawaida ya nfs-utils katika matoleo yote baada ya 1.0.0, na kwa data ya watu ibaki hivyo. Ongeza kasi kwa njia nyingine: fungua faili za tar kwenye seva yenyewe badala ya kupitia mtandao, weka folda za kujengea programu kwenye diski ya mteja, na kama bajeti ipo, nunua SSD zenye kinga ya kukatika umeme, kwa kuwa hizo huthibitisha uandishi haraka na kwa ukweli. Mahali pekee ninapoikubali `async` ni folda ya muda ambayo ikipotea yote hakuna atakayeuliza.

`ls -l` ikichelewa kwenye folda yenye faili nyingi, jaribu `ls -n`. Ikiwa ya pili ni ya haraka, kinachochelewa ni kutafuta majina ya watumiaji. Shughulikia LDAP au DNS.

Wateja wakiwa wengi, angalia nyuzi za seva: `cat /proc/fs/nfsd/threads`. Kwa miaka mingi kiwango cha awali kilikuwa 8, kidogo kwa maabara yenye kompyuta nyingi. Panda hadi 32 ndani ya `/etc/nfs.conf`, sehemu ya `[nfsd]`, `threads=32`. Kama diski ndiyo iliyozidiwa, nyuzi zaidi zitaongeza tu foleni.

`nfsiostat 5` kwa mteja inakuonyesha muda unaenda wapi. RTT, muda wa ombi kwenda kwa seva na jibu kurudi, ikiwa kubwa, tazama seva na mtandao. RTT ikiwa ndogo na `exe` (muda wote wa ombi, pamoja na kusubiri foleni) kubwa, maombi yanasubiri ndani ya mteja mwenyewe. Hapo `nconnect=4` inaweza kusaidia, kuanzia kerneli ya 5.3, hasa kwenye viungo vya gigabiti 10. Kwenye gigabiti 1 hutaona tofauti ya maana. Safu ya `retrans` kwenye `nfsstat -rc` ikiendelea kupanda, rudi kwenye kebo na swichi.

Kuhusu `rsize` na `wsize`: ziache. Mteja na seva za leo hupatana wenyewe hadi 1048576. Miongozo ya zamani inayokuambia uweke 8192 itakupunguzia kasi, na nimekuta mistari hiyo ikinakiliwa kutoka `fstab` moja hadi nyingine na watu wasiojua ilitoka wapi. Ifute.

## Dalili: faili iliyobadilishwa huku haionekani kule

Mteja hutunza taarifa za faili kwa sekunde 3 hadi 60, na za folda kwa sekunde 30 hadi 60. NFS inaahidi kwamba anayefungua faili baada ya mwingine kuifunga ataona mabadiliko. Haiahidi kwa faili iliyo wazi pande zote mbili. Kama ucheleweshaji unakera, weka `actimeo=3`. `noac` ipo, lakini inapunguza kasi vibaya sana. Hakikisha pia saa za mashine zinalingana kwa chrony. `Make` ikilalamika `Clock skew detected`, hicho ndicho chanzo.

Zile faili zenye majina kama `.nfs000000…` zisikusumbue. Ni faili iliyofutwa huku programu ikiwa bado imeishika. Itafute kwa `lsof`, ifunge programu hiyo, na faili itaondoka yenyewe.

## Dalili: "database is locked"

Hifadhidata ya SQLite imewekwa kwenye NFS na inatumiwa na mashine zaidi ya moja. Kwa toleo la 3, angalia kama poti za lockd na statd zimefungwa. Kwa toleo la 4 kufunga kumo ndani ya itifaki. Lakini SQLite katika hali ya WAL (inayoandika mabadiliko kwanza kwenye faili ya kumbukumbu ya pembeni) haiwezi kabisa kutumiwa kutoka mashine tofauti, kwa kuwa inategemea kumbukumbu ya pamoja ya mashine moja. Usiweke `nolock` ili kunyamazisha kosa: utaondoa kinga na waandishi wawili watagongana. Hamishia data kwenye PostgreSQL au MariaDB inayoendeshwa kwenye seva, wateja waifikie kwa mtandao.

## Wakati wa kumwita mtaalamu

Mwite bila kujaribu zaidi ukiona `I/O error` kwenye `dmesg` ya seva, RAID ikipoteza diski na hujawahi kuibadilisha, au mtu akifuta data isiyo na nakala. Katika hali hiyo ya mwisho acha kuandika kwenye diski mara moja, kwa kuwa kila faili mpya inaweza kukalia nafasi ya zilizofutwa. Kerberos inayokataa baada ya kuwa umelinganisha saa (ikipita tofauti ya dakika 5 hukataa) ni kazi ya anayeisimamia. Na ukigundua poti 2049 iko wazi kwa intaneti, ifunge kwanza, kisha mtafute mtu wa usalama akague nani aliingia. Baada ya hapo wateja wa mbali wapite kwenye WireGuard, njia iliyosimbwa (VPN).

Mwandalie matokeo ya `nfsstat -m` na `dmesg -T` ya mteja, `exportfs -v`, `dmesg -T` na `smartctl -a` za seva, saa kamili tatizo lilipoanza, na orodha ya kila ulichobadilisha tangu hapo, hata kile ulichokirudisha.